Cheti cha Kumtazama Mtoto

Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyenijaalia umri mrefu, maana lau ningekufa mapema ningeondoka duniani bila ya kujua kwamba sijui kumbeba mtoto. Nimezaa sita, nimezika wawili, nimelea wajukuu ambao sasa wananyoa ndevu, na arubaini za wanawake wa kijiji hiki nilizokaa ni nyingi kuliko meno niliyobakiwa nayo. Kumbe muda wote huo nilikuwa nabahatisha. Ilibidi watu wapande boti kuja Pemba mpaka bandari ya Mkoani, na kutoka Mkoani wapande gari, na mashine yao ya kumulika ukutani mapajani, ndipo niambiwe.

Kazi yangu ni kufundisha Qurani. Asubuhi na baada ya alasiri kibaraza changu hujaa watoto, na kwa sababu hiyo kila mtu hapa huniita Maalim, hata wazee wenzangu. Kazi yangu ya pili haina jina. Mwanamke akijifungua, hasa uzazi wa kwanza, hurudi kwa mama yake akae siku arubaini, nami huitwa. Namkanda mzazi, namwogesha mtoto, naonesha titi linavyoshikwa, kisha nakaa. Hicho kikao ndicho kikubwa. Nakaa kwenye mkeka, natazama mama anavyomtazama mtoto, na nikiona hamtazami, nakaa zaidi.

Hao wageni waliokuja kwa boti walikipatia jina kikao changu. Kinaitwa msaada wa afya ya akili ya mtoto mchanga, na kina madaraja manne.

Tulikusanywa Gombani, katika ukumbi wenye feni mbili, moja inazunguka na moja inaangalia. Tulikuwa wanawake watupu, wakunga wa zamani, wasaidizi wa afya wa vijiji, na wasichana wachache waliomaliza skuli. Mwezeshaji wetu alikuwa kijana mpole, shati limenyooka, ameoa mwaka huo huo na mtoto bado hajaruzukiwa. Nasema hivyo bila ya kumsengenya, yeye mwenyewe alituambia. Alitubandikia karatasi kubwa ukutani, akatuchorea ngazi. Chini kabisa alikuwapo Msaidizi, na juu kabisa Msimamizi wa Wasimamizi. Ili mtu akanyage hiyo ngazi ya chini alitakiwa ahudhurie masomo, ajaze daftari la saa alizokaa na mama na mtoto, daftari litiwe saini na mtu wa daraja la juu yake, apigwe filamu ya dakika kumi akiwa na mtoto wa kweli, kisha afanye mtihani.

Jirani yangu wa mkekani, mkunga aliyenizidi umri, aliinua mkono.

"Mwanangu, huyo wa juu kabisa, yeye daftari lake alitiwa saini na nani?"

"Bibi, hilo ni swali zuri sana."

"Najua kuwa ni zuri. Nimekuuliza jibu."

Kijana akacheka, akaliandika kwenye karatasi nyengine iliyokuwa na kichwa cha maneno "Maswali ya Baadaye". Mpaka tunamaliza, karatasi ile ilikuwa imejaa pande zote mbili, na baadaye yenyewe hatukuiona.

Siku ya pili tuligaiwa mwanasesere wa mpira tujifunzie. Macho yake ya buluu, hafumbi. Kila mtu alimpakata kwa zamu huku mwezeshaji akitazama karatasi yake ya alama.

"Mtazame machoni, Bibi. Mwambie jambo."

"Nimwambie nini, naye hata njaa hana?" akauliza yule mkunga.

"Jaribu tu."

Akamgeuza, akamtazama matako, akamrudisha. "Maalim," akaniambia, "huyu ndiye atakayepata cheti kabla yetu. Halii, hajinyei, na semina anaisikiliza yote."

Lakini haki isemwe, nami si mtu wa kukanusha neema. Siku ya tatu yule kijana alizungumza maneno yaliyonikaa. Alisema kuna mama ambaye baada ya kuzaa roho yake huingia kiza. Si mvivu, wala imani yake haina kasoro, ila anaumwa, kama mtu anavyoumwa homa. Wenzangu waliandika. Mimi nilitazama chini. Miaka mingi nyuma nilimkalia mama mmoja aliyekuwa akilia kila siku bila ya sababu ninayoiona. Nikamwambia, una nini cha kulia, mwanangu, nawe umepewa mtoto mzima, mshukuru Mola wako. Nikamwachia uradi wa kusoma, nikarudi kwangu nikijiona nimefanya kazi. Jamaa zake walimchukua Unguja kabla mtoto hajaota jino, na hakurudi kuishi na mwanawe tena. Mtoto yule alisoma kwangu. Alikuwa akisoma vizuri, lakini hakuwa akininyanyulia macho.

Kwa hiyo nilipoambiwa nifanye filamu, nilifanya kwa moyo mmoja. Mpwa wangu ana mtoto wa miezi mitatu, keshatoka arubaini, hana neno la kupigwa picha. Akashika simu, nami nikampakata mjukuu wangu huyo, nikamwambia anayoambiwa mtoto anayependwa.

"Lo, kibaya hiki! Pua imemkaa kama kaimati. Nani kakutupa mlangoni kwetu, wewe? Mbona wenzako wazuri? Tutakurudisha ulikotoka, hatukutaki!"

Naye akacheka mpaka ufizi wote ukaonekana, akapiga mateke, akanishika ushungi. Nikamtukana zaidi, akazidi kucheka. Msomaji wa hapa kwetu hana haja ya kuelezwa, lakini maandishi huenda mbali, basi nieleze. Mtoto mzuri hasemwi kuwa ni mzuri. Jicho la mtu halina pazia. Unamwita mbaya ili macho yampite, na kadiri unavyompenda ndivyo sura yake inavyozidi kuharibika mdomoni mwako. Sasa mimi nilikuwa mbele ya simu, inayopeleka picha kwa watu nisiowajua, ng'ambo ya maji, macho yao mangapi sijui. Nimwite mzuri mbele ya halaiki hiyo? Nilimsitiri kwa kila neno nililokuwa nalo. Filamu ikatumwa, nami nikalala usingizi wa mtu aliyefaulu.

Majibu yalipokuwa bado yako njiani, binti wa jirani yangu alijifungua.

Nyumba yao na yangu zinagawana ua mmoja wa makuti. Nimemfundisha msichana huyu tangu alifu mpaka akahitimu, na sauti yake ya kusoma ilikuwa ikinifanya nisahau nilichokuwa napika. Mumewe ni mchukuzi wa mizigo bandarini Mkoani, kijana mwema, huja Ijumaa na samaki. Alizaa mvulana, salama, hospitali, wakarudi kwa mama yake, nami nikaingia na mafuta yangu ya nazi kama kawaida.

Siku ya kwanza nilidhani ni uchovu, na ya tatu nikadhani ni maziwa. Siku ya saba ilifanywa akika, mtoto akanyolewa, jina likatajwa, ua mzima ukapiga vigelegele, na mama yake mtoto alikuwa amelala ndani anaangalia ukuta. Mtoto akilia, mikono mitano inamkimbilia, wa bibi yake, ya mama zake wadogo watatu na wangu mimi. Yeye hageuki. Analetewa, ananyonyesha akiwa ameangalia dirisha, kisha anachukuliwa. Hakuwahi kumwita mwanawe kwa jina, wala kumuuliza mtu yeyote habari zake. Nilijua ninachokiona, kwani safari hii nilifundishwa jina lake. Nikasema moyoni, yule wa Unguja nilimpoteza kwa ujinga, huyu, inshallah, sitampoteza. Nikawa naingia asubuhi na jioni.

Siku ya kumi na tatu akaja sheha, mkuu wa kijiji chetu, na barua.

"Assalaam alaykum, Maalim."

"Waalaykumu salaam. Karibu, kaa."

"Sikai. Nikikaa nitashindwa kuisoma." Sheha huyu nilimfundisha mimi, na bado mbele yangu huweka mikono nyuma. Akaifungua karatasi. "'Mtahiniwa amemtolea mtoto maneno ya kumdhalilisha mara tisa katika dakika kumi.' Mara tisa, Maalim?"

"Wamehesabu vibaya. Ni zaidi."

"'Amemtishia mtoto kwamba atarudishwa alikotoka.'" Akauma mdomo, mabega yakamtikisika. "Mie mama yangu alikuwa akiniita mzoga mpaka siku niliyooa."

"Basi waandikie hivyo."

"Niandike wapi? Wameniletea fomu ina mahali pamoja tu. Mhusika ameelezwa, ndiyo au hapana."

"Weka ndiyo. Nimeelezwa. Endelea."

Alichoendelea nacho hakikuwa cha kuchekesha. Iliandikwa kwamba nisiingie katika nyumba yoyote yenye mtoto chini ya mwaka mmoja kwa shughuli za malezi, mpaka nirudie mafunzo, na kwamba sheha ndiye dhamana wa kusimamia jambo hilo. Mafunzo mengine yatakuwa baada ya mfungo.

"Baada ya mfungo," nikasema. "Na huyu hapa jirani?"

"Ataletewa mwenye kitambulisho."

"Ana siku kumi na tatu na hajamwangalia mwanawe hata mara moja. Unalijua hilo?"

"Nalijua, Maalim. Mke wangu kanambia." Akaikunja barua mara nne. "Lakini saini ni yangu."

Ningeweza kuingia usiku wake, nani angenizuia? Lakini nimewasomesha watoto wa kijiji hiki, sheha mwenyewe akiwamo, kwamba mwenye dhamana hutiiwa maadamu hakuamrisha maasi. Kukataza bibi kizee asiwatukane watoto si maasi. Nikasema nimesikia, nikamshukuru kwa kuja mwenyewe, na nikamshukuru Mwenyezi Mungu aliyewapa watu wa mbali huruma kubwa ya kuwalinda watoto wa Pemba dhidi yangu.

Mwenye kitambulisho alifika kesho yake, kakivaa shingoni kwa utepe. Alikuwa msichana wa chuo changu cha Qurani vile vile, mwerevu, mwenye adabu, aliyefaulu mtihani kwa alama za juu, na kakikumbatia kishikwambi kifuani kama msahafu. Akaingia kwa jirani. Hakukaa sana. Alipotoka akapita kibarazani kwangu kuniamkia.

"Shikamoo Maalim."

"Marahaba. Vipi huko?"

"Siruhusiwi kusema, Maalim. Ni siri ya mteja."

"Siri haswa. Bibi yake mtoto anaipigia kelele kisimani tangu juzi. Sikuulizi siri, nakuuliza mzazi alikujibu nini."

Akatazama huku na huku. "Alijibu vizuri. Yote yametoka kijani. Nilimuuliza analala, akasema Alhamdulillah. Anapata hamu ya chakula, Alhamdulillah. Anafurahi akiwa na mtoto, Alhamdulillah. Amewahi kujiona hana thamani, Alhamdulillah."

"Na hilo la mwisho nalo ni la kijani?"

Akakiwasha kishikwambi, akakitazama tena.

"Mwanangu, wewe umezaliwa wapi?"

"Hapa hapa, Maalim."

"Mtu karudi makaburini kumzika mama yake, ukimuuliza hali anakujibu nini?"

Vidole vyake vilikuwa juu ya kile kioo, vinatafuta. "Hapana mahali pa kuandika namna alivyosema," akasema mwisho, kwa sauti ndogo.

"Hilo nalo lipeleke kwenye maswali ya baadaye."

Nilijuta kumwambia vile. Aliinama kama aliyepigwa, na kosa halikuwa lake.

Asubuhi iliyofuata nilitoa mbuzi yangu ya kukunia nazi, nikaiweka uwani kwangu, chini ya makuti, mgongo karibu na ua. Upande wa pili ndipo wanapochemsha maji ya kumwogesha mzazi, na baada ya kuogeshwa hukalishwa hapo juani kidogo. Barua ilinikataza kuingia nyumba za watu. Kukaa kwangu kukuna nazi yangu, bado haijatoka kanuni, ingawa naamini inaandaliwa.

Nikamsikia analetwa. Nikamsikia bibi wa mtoto anamlaza mtoto mkekani, anakwenda jikoni kufuata uji. Mtoto akaanza kulia. Kwa mazoea nikanyanyuka, kisha nikakumbuka, nikakaa. Hakuna mkono uliomkimbilia. Wa bibi ulikuwa na sufuria, ya mama zake wadogo ilikuwa kisimani, wangu ulikuwa umekatazwa.

"Mwanangu," nikasema kupitia makuti, "huyo analia nini?"

Nikakuna nazi mara tatu nne.

"Mie simuoni. Niambie tu, macho kafumba au kafumbua?"

"Sijui, Maalim."

"Hujui kwa kuwa hukutazama, au kwa kuwa ana macho ya namna ya peke yake?"

Nazi ikanikauka mkononi. Kisha akasema, "Kafumba."

"Ngumi je? Kakunja au kafungua?"

"Kakunja."

"Na mdomo anaupeleka wapi?"

Hapa nilingoja mpaka nikadhani ameondoka.

"Upande wangu," akasema.

Sikutia neno jengine. Nikaendelea kukuna. Baada ya muda kilio kikakatika, nikasikia sauti ile ya mtoto anayemeza kwa pupa, na bibi yake aliporudi na uji akapiga ukelele, "Ee, kamchukua mwenyewe!" nami kutoka upande wangu nikamwomba anyamaze, kwa heshima zote.

Sisemi niligundua kitu. Nasema nilikatazwa kitu. Siku kumi na tatu nzima tulikuwa tukimtazamia mwanawe, wanawake watano na macho kumi. Tulikuwa tukimwambia mwana kashiba, mwana kajikojolea, mwana anakufanana. Tulimpumzisha mpaka tukamwondoa kazini. Nami nilikuwa wa mbele, maana mikono yangu haijui kumwacha mtoto alie. Lau ile barua isingekuja, nisingekaa nyuma ya makuti, na mtu asiyeona ndiye pekee anayehitaji kuelezwa. Kwa hiyo shukrani ninazowapa wale waliohesabu mara tisa, safari hii ni za kweli. Walinitoa njiani. Walikusudia jengine, lakini Mwenyezi Mungu ndiye mpangaji.

Tukawa hivyo kila asubuhi. Nauliza, anatazama, ananijibu. Masikio yake yamekaaje? Akipiga chafya anapiga ngapi? Ukiimba ananyamaza, au anazidi? Akasema haimbi. Nikamwambia basi soma, ile sura uliyohitimia. Akasoma aya mbili akaacha.

"Kanyamaza," akasema.

"Nani?"

"Huyu."

Lakini roho haikuwa imemtoka kizani, na msomaji asidhani hadithi iliishia kwenye makuti. Asubuhi moja, kabla sijauliza kitu, alisema yeye.

"Maalim, nnamtazama kama ulivyonambia. Nnamuona kama si wangu. Mara nnaona kama atakufa, na nikiona hivyo sisikii kitu chochote. Sisikii kitu, Maalim."

Neno nililomwambia yule mwengine zamani lilinijia mdomoni lenyewe, kwa mazoea. Nikalimeza.

"Nimekusikia," nikamwambia. "Unaumwa, mwanangu. Hujafanya dhambi. Hapo ulipo usiondoke, nami siondoki."

Nikamtuma mtoto wa chuo amwite msichana wa kitambulisho. Alikuja mbio, hana hata kishikwambi. Nikamweleza. Akasema hospitali yuko muuguzi wa maradhi hayo, na daktari huja siku maalumu, na yeye kwa kadi yake anaweza kumwandikia barua akaonwa leo hii. Hapo ndipo nilipokiona kitambulisho kinafanya kazi. Mimi ningekwenda pale mlangoni na miaka yangu yote, ningeambiwa nikae kwenye benchi nisubiri kuitwa.

Kikwazo kilikuwa bibi wa mtoto. Alisimama uwani kwake, mikono kiunoni, akapaza sauti nasi tusikie.

"Hatoki mtu hapa kabla ya arubaini! Aende akapigwe na upepo, arudi na jengine? Mie nimezaa wanane, hakuna aliyenipeleka kwa daktari wa roho!"

"Jirani," nikamwita kupitia makuti, "mgonjwa Mwenyezi Mungu kamruhusu kula mchana wa Ramadhani. Sala kamruhusu kusali kalala. Wewe ni nani wa kumkatalia gari?"

"Arubaini ni arubaini, Maalim!"

"Arubaini tumeiweka sisi tumpumzishe. Haikuwekwa kumfungia maradhi ndani. Mfunike kichwa, mfunge tumbo, mkae dirisha limefungwa. Dhambi ikiwapo, niandikiwe mie, nimeshazoea kuandikiwa."

Akanung'unika, akavuta pumzi, kisha nikamsikia anasema, "Haya, leteni shuka nzito." Wakaondoka watatu na mtoto. Walirudi alasiri na dawa, na siku ya kurudi tena, na yule muuguzi akawa anapiga simu kila baada ya siku chache. Alimwambia bibi wa mtoto kwamba mambo haya yanatibika lakini hayana haraka. Bibi alinihadithia maneno hayo kana kwamba ni yeye aliyeyatunga.

Tangu hapo msichana wa kitambulisho akawa anakuja asubuhi, anamwona mzazi dakika zake, kisha anazunguka anakuja kukaa kwangu, upande usio na ruhusa. Alitaka kujaza daftari lake la saa, la kupandia daraja la pili.

"Hizi saa ninazokaa na wewe nani atazitia saini, Maalim? Wewe huna daraja."

"Sina. Nimeshushwa chini ya mwanasesere."

"Niandike nini basi?"

"Andika ulikuwa unakuna nazi. Ni kweli, na zikunwe hizo."

Akakuna vibaya sana. Lakini alisikiliza vizuri, na hicho hakimo katika mtihani wao, au kama kimo, ndicho alichofaulia. Kuna siku alisikia mzazi anajibu "Alhamdulillah" na akanitazama, akatikisa kichwa, akainuka kurudi kule kuuliza tena kwa namna nyengine. Sikuwa nimemwambia kitu.

Siku ya thelathini na tatu tulikuwa tumekaa hivyo, mimi na msichana wa kitambulisho, wala sijauliza chochote. Sauti ya mzazi ikatoka ng'ambo, ya hasira hasira.

"Maalim! Kibaya hiki kimenitapikia tena. Kanga mpya! Kimenitapikia kisha kinanitazama, hakina hata haya. Sura kama pweza!"

Nilishikilia ubao wa mbuzi. Yule msichana alikuwa na kishikwambi magotini, kimewaka, na najua kwenye fomu ile mna mahali pa kuweka alama mzazi akimtolea mtoto maneno mabaya. Alikiangalia. Akanitazama mimi, machozi yamemjaa. Akakipindua kioo kikaangalia chini, akakiweka juu ya vifuu vya nazi.

"Pweza gani?" nikauliza, maana ilibidi mtu aulize. "Mzima au aliyekaushwa?"

"Aliyekaushwa, Maalim. Kwanza ananuka."

"Basi mrudishe ulikomtoa."

"Harudi! Nnamrudisha wapi, na miguu hii?"

Mimi nimejiandikisha kurudia mafunzo baada ya mfungo, inshallah. Nitakwenda Gombani, nitampakata mwanasesere, nitamwita mzuri kwa sauti, mara tisa wakitaka, na Mashallah nitaitia chini ya ulimi mahali ambapo simu haifiki. Yule kijana mwezeshaji nimesikia mkewe ana mimba. Namwombea kheri, na nimeshamtumia salamu kwamba akihitaji mtu wa kumkalia mkewe, mimi bado sina ruhusa, lakini nina nazi nyingi.

Arubaini ilipotimia walimwogesha mzazi maji ya mwisho, wakamvisha, wakamfukiza udi. Nilikuwa kibarazani na watoto, wanasoma. Nikaona mlango wa ua wa jirani unafunguka na yeye anatoka mwenyewe, mtoto kamfunika kwa kanga, anatembea taratibu kama mtu aliyesahau barabara ilivyo. Alikuwa amekonda. Macho yake hayakuwa na furaha ya kusimuliwa, yalikuwa macho ya mtu aliyelala usiku mmoja baada ya nyingi za kukesha. Watoto wa chuo wakasogea kumpisha.

"Hodi, Maalim."

"Karibu. Barua haikukataza nyumba kuja kwangu."

Hakucheka, lakini mdomo ulitikisika. Akaketi mkekani mbele yangu, akamfunua mtoto, akamweka mapajani mwangu. Tangu ile barua nilikuwa nikimjua kwa masikio tu, na kabla yake nilikuwa nikimwogesha huku macho yangu yako kwa mama yake. Nilijua chafya zake mbili mbili, sikio la kushoto lililojikunja, vidole vya miguu vilivyopandana. Vyote vilikuwapo kama alivyonieleza. Nikavuta pumzi nianze kumtukana.

Sikuwahi. Mama yake alikuwa keshanyoosha mikono.

"Basi, Maalim," akasema. "Nipe mwanangu."